Ripota aliyegeuka mtunzi wa majasusi: nimsamehe, au nirudishe kitabu chake Kibuye?

KalamuYaNyalenda, Kisumu

Hamjambo wote. Nina swali, lakini mtanivumilia nilizunguke kidogo kabla ya kulifikia. Kwa miaka thelathini nilikuwa korespondenti wa gazeti la Kiswahili huku Nyanza, nikilipwa kwa urefu wa habari iliyochapishwa. Mhariri akikata aya mbili, amekata unga wa siku mbili. Mtu aliyelelewa hivyo hajui kuuliza kwa ufupi.

Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye, kati ya muuza viatu vya mitumba na mama wa omena, nikaona The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth. Jalada halipo, na ukurasa wa kwanza una muhuri wa maktaba ya shule ambayo nadhani bado inakitafuta. Shilingi mia. Mara ya kwanza nilikisoma 1989 kwa kibatari, katika chumba changu cha kupanga hapa Nyalenda. Ilikuwa nakala ya kuazima na mwenyewe alinipa siku tatu. Nilimaliza kwa mbili. Safari hii nimekisoma wiki nzima, polepole, kama mtu anayemtazama jirani wa zamani baada ya kusikia habari zake.

Kwa wasiokijua: kuna kundi la Wafaransa lililoitwa OAS, wanajeshi na walowezi waliomchukia Rais Charles de Gaulle kwa kuiachia Algeria uhuru wake. Katika riwaya wanamkodi muuaji Mwingereza amwondoe. Jina lake la kweli hatulijui mpaka mwisho, tuna lakabu tu. Sasa, de Gaulle mwenyewe hakuuawa na mtu. Alifia nyumbani kwake Novemba 1970, na kitabu kikatoka 1971. Kila aliyekinunua aliujua mwisho kabla hajakifungua, na bado ukifika katikati unakuta viganja vimelowa jasho. Alifanyaje?

Mimi nadhani ni uripota tu. Mwaka 1962 Forsyth alikuwa Paris na shirika la Reuters, kijana wa miaka ishirini na kitu, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwandama de Gaulle kila aendako kwa sababu kila mtu alingoja siku atakayopigwa risasi. Agosti 22 mwaka huo watu wa Luteni Kanali Bastien-Thiry waliimiminia risasi Citroën ya rais kule Petit-Clamart. Rais na mkewe wakatoka wazima. Bastien-Thiry akauawa na kikosi cha kufyatua risasi Machi 1963. Katika purukushani zile kijana aliona jambo ambalo ripota yeyote wa wilayani angeliona: wakubwa wa OAS wote walikuwa na faili polisi. Sura zao, baa zao, mpaka nyumba za wapenzi wao zilijulikana, na ndani ya kundi lenyewe mlijaa masikio ya serikali. Angefaulu mtu wa nje tu, asiye na faili popote. Wazo hilo alilala nalo karibu miaka saba.

Katikati hapo alikwenda Berlin Mashariki. Usiku mmoja akaona msafara wa jeshi la Kisovieti ukipita mjini, akatuma habari mbio mbio, kumbe ni mazoezi ya gwaride la Mei Mosi. (Ripota anayeapa kwamba hajawahi kuteleza hivyo hajawahi kuwa ripota. Mimi niliwahi kumuua gazetini chifu aliyekuwa amelazwa tu. Alipona akaja ofisini kunitafuta, na fimbo.) Kisha akaingia BBC, na 1967 BBC ikamtuma Nigeria kwenye vita vya Biafra, jimbo lililotaka kujitenga. Wakubwa wake hawakuitaka sana vita ile hewani, yeye akaitaka. Mwaka 1968 akaacha kazi, akarudi Biafra kama ripota wa kujitegemea. Biafra ilipoanguka Januari 1970 alikuwa London hana kazi, hana nyumba, hana senti. Akaketi mbele ya taipureta kwa rafiki yake, akaandika riwaya ile kwa siku 35.

Mpaka hapo huyu alikuwa ndugu yangu. Miaka na miaka nimewaambia vijana wa magazeti: mwone yule, hata yeye alifilisika kwanza.

Halafu 2015 akatoa kumbukumbu za maisha yake akakiri kwamba tangu Biafra, tangu huo mwaka 1968, alikuwa akiwasaidia MI6, majasusi wa Uingereza. Zaidi ya miaka 20. Hakulipwa, asema. Mimi nilichelewa kujua. Niliisikia redioni alipofariki Juni 9, 2025, na tonge likanikwama kooni.

Nitawaambia kwa nini. Machi 15, 1990, nikiwa na redio ndogo ya betri mbili, nilisikia kwamba Iraq imemnyonga Farzad Bazoft, ripota wa The Observer, kwa kosa la ujasusi. Usiku ule sikulala vizuri, na Baghdad sijawahi hata kuiona kwenye ramani kubwa. Miaka miwili baadaye, wakati wa mapigano ya kikabila, nilifika kijiji kimoja si mbali na Sondu nikiwa na kijitabu na kalamu. Vijana wakanizunguka. "Umetumwa na nani?" Nikataja gazeti. Wakacheka. Walinikalisha kwenye kibanda cha ng'ombe tangu alasiri mpaka karibu na mapambazuko wakibishana kama mimi ni wa Special Branch, polisi wa siri, au wa upande ule mwingine. Aliyeniokoa ni bibi kizee aliyekuja na koroboi, akanimulika usoni akauliza, "Ma wuod ng'a?", yaani huyu mwana wa nani? Nikataja baba, nikataja babu, nikataja mpaka ng'ombe wa mahari ya nyanya yangu. Akaniachilia. Kijitabu sikurudishiwa.

Basi kila ripota anayejifanya ripota huku ana bwana mwingine London au Moscow au popote, anaacha deni. Na wanaolipa ni kina sisi.

Swali langu ni hili. Nimestaafu, nina madaftari sanduku zima, nataka kuandika riwaya ya kijasusi ya huku kwetu kwa Kiswahili. Mwalimu ninayemjua ni huyu. Nijifunze kwake au nirudishe kitabu nikadai shilingi mia yangu?

VitabuVyaBarabarani, Nakuru

Mzee Kalamu, shikamoo. Usirudishe. Ukichoka nacho nitakupa mia na hamsini, hata bila jalada.

Nauza vitabu vya mitumba kwenye veranda hapa Kenyatta Avenue mwaka wa kumi na nne sasa, na Forsyth hakai wiki. Sijui kama unajua wanunuzi wake ni kina nani. Ni masoja wa usiku! Mmoja analinda duka la vyuma, anamaliza kimoja kwa zamu nne halafu anakirudisha nimkatie bei cha pili. Niliwahi kumuuliza anapenda nini kwa Mwingereza huyu. Akanijibu, "Mama, huyu haniambii jasusi anawaza nini. Ananiambia aliingiaje."

Na ni kweli. Ile sehemu ya pasipoti, unaikumbuka? Muuaji anakwenda makaburini kutafuta mtoto aliyekufa mchanga ambaye angekuwa rika lake, anachukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto yule, kisha anaomba pasipoti kwa jina hilo. Kwisha. Hakuna bastola, hakuna mrembo, mtu yuko kwenye foleni ya makaratasi kama sisi sote Huduma Centre. Lakini nywele zinakusimama kwa sababu unaona kabisa kwamba inawezekana. Ilikuwa inawezekana kweli, na Waingereza walikaa miaka mingi kabla ya kuliziba tundu hilo. Hiyo si akili ya mtunzi, ni akili ya ripota aliyeuliza karani.

Wala hayuko peke yake. Ian Fleming, aliyemtunga James Bond, alikuwa Reuters pia, walimpeleka Moscow 1933 kusikiliza kesi ya wahandisi Waingereza. Gerald Seymour alikuwa mtu wa televisheni, ITN, ndipo akatoa riwaya yake ya kwanza 1975 kuhusu Ireland ya Kaskazini. Mmarekani David Ignatius aliripoti Mashariki ya Kati kwanza. Tena kwetu je? Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, baba wa Bwana Msa, alikuwa mhariri wa magazeti kabla na wakati anaandika. Sawa, Bwana Msa ni mpelelezi wa kiko na maswali, si jasusi, lakini jicho ni lile lile la mtu wa habari. Jasusi wa Kiswahili akitajwa, wazee wote hapa wananiuliza Willy Gamba wa mtunzi Musiba. Sina, sipati, na nikipata sitawaambia, nitajisomea.

Kuhusu kusamehe, mimi sijui. Naangalia uti wa kitabu kama umeshika. Huyu umeshika.

Mwalimu_Isukha, Kakamega

Dada wa Nakuru ameongea kama mfanyabiashara na simlaumu, ila mzee ameuliza jambo zito na haifai alipite kwa mzaha.

Nafundisha historia. Tupange mambo. Kwanza, si Forsyth aliyeanzisha deni hilo. Kim Philby, aliyekuwa afisa wa MI6, aliketi Beirut akiandikia The Observer na The Economist, nafasi aliyoipata kwa kusaidiwa na wakubwa wale wale wa MI6, huku moyoni akiwa mtu wa Warusi. Januari 1963 akatoweka Beirut, akaja kuibukia Moscow. Sasa mzee, tazama gazeti la Bazoft ni lipi. The Observer. Lilelile. Simaanishi kwamba Saddam alimnyonga kwa sababu ya Philby. Saddam hakuhitaji sababu. Ninachosema ni kwamba mshtaki akisema "maripota wa Kizungu ni majasusi" alikuwa na mfano wa kweli mkononi. Wamarekani nao walikuwa hivyo hivyo, mpaka Bunge lao lilipofukua mambo ya CIA, na 1976 shirika hilo likatangaza kwamba halitaingia tena mikataba ya malipo na waandishi walioidhinishwa wa vyombo vya habari vya Marekani. Kama wangekuwa hawafanyi, wangetangaza kuacha nini?

Pili, ninamtetea kidogo. Pale Biafra alikuwa amechukua upande waziwazi. Alimpenda Ojukwu, kiongozi wa Biafra, akaandika kitabu kizima cha kuitetea Biafra 1969 vita vikiendelea. Hakuna aliyedanganywa. Serikali ya London ilikuwa inaipa Nigeria silaha, na watoto walikuwa wanakufa kwa kwashakoo. Kama mtu wa MI6 anakuuliza "hali ikoje kule ndani?", nawe unaamini ukweli ukifika kwa wakubwa pengine watabadili msimamo, utanyamaza? Hata Nyerere aliona vile, Tanzania iliitambua Biafra Aprili 1968 na alitukanwa sana kwa hilo. Mimi ningesema. Ningesema na ningekosea, pengine.

Lakini 1973 alipovuka kwa gari kwenda Ujerumani Mashariki kuchukua furushi la siri Dresden, hapo hakuwa na kisingizio cha mtoto yeyote mwenye njaa. Hapo alikuwa tu kijana mkubwa anayependa mchezo. Ila angalia, wakati huo hakuwa ripota tena, alikuwa mtunzi tajiri. Dhambi mbaya zaidi aliifanya bila kadi ya habari. Hivyo hesabu yako ya deni, mzee, nadhani ni nusu sahihi.

La tatu ni ushauri. Unatafuta riwaya ya huku kwetu yenye mwisho unaojulikana? Unayo tayari. Koru, Februari 1990. Waziri wa Mambo ya Nje anatoweka usiku nyumbani kwake, mwili unakutwa Got Alila, Scotland Yard, polisi wa London, wanamleta mpelelezi wao Troon. Kila Mkenya anajua Dkt. Ouko hakurudi. Andika hiyo.

KalamuYaNyalenda, Kisumu

Mwalimu, asante kwa kunisahihisha. La Dresden sikuwa nimelipima hivyo. La Observer limenikalisha chini.

Lakini Koru hapana. Kila nikisema nataka kuandika, mtu ananiambia Koru. De Gaulle wa Forsyth aliokoka, na alikuwa rais mwenye walinzi na majeshi, hata angekisoma kitabu kile angecheka. Huku kuna watoto, kuna kaburi kule Koru. Maswali yale hayajajibiwa. Mtunzi akijaza jibu la kubuni mahali ambapo jibu la kweli linadaiwa, amesaidia waliolificha. Wengine wataona tofauti, sawa.

Ila umenigusa pale pale penye kidonda, na nitasema jambo ambalo sijaliandika popote.

Februari ile nilikuwa Koru. Kila mwenye kalamu alikuwa Koru. Maripota wa nje walijaa Kisumu, kila mmoja akitafuta kijana wa kumpeleka, anayejua Kijaluo na njia za mashamba ya miwa. Mimi nilimpata Mzungu mmoja, mpole, mwenye Kiswahili kibovu cha kujitahidi. Alinilipa shilingi mia tano kwa siku, na mimi mwezi mzima kwenye gazeti nilikuwa sifikishi elfu mbili. Nilimbebea begi siku sita. Nilimtafsiria wachungaji, akina mama, mzee wa kijiji.

Siku mbili za kwanza aliuliza kama sisi wote: nani alimwona, saa ngapi, gari la rangi gani. Siku ya tatu akaanza kuuliza mambo ya pembeni. Wanafunzi wa chuo wanaongea nini. Padri gani ana watu. Nani akisema maandamano, watu wanatoka. Malori ya askari mangapi, yametoka upande gani. Niliona ni Mzungu mwenye kiu ya kujua. Nikajibu vyote. Nilijibu vizuri mno, mimi ni ripota, najua kujibu! Alipoondoka aliniachia kalamu ya wino na redio ndogo ya betri mbili.

Ndiyo, redio hiyo hiyo. Ndiyo niliyosikilizia habari ya Bazoft mwezi uliofuata.

Gazeti alilosema anaandikia sikuwahi kuona jina lake ndani. Labda walimkata, wanatukata kila siku. Labda aliandika bila jina. Miaka thelathini na mitano nimeliacha pale. Kisha Forsyth anakufa, nasikia kukiri kwake, na ninakumbuka vijana wa Sondu. "Umetumwa na nani?" Niliwaambia gazeti kwa moyo mweupe kabisa. Lakini lile la 1990, je? Mimi mwenyewe siku zile sita nilikuwa nimetumwa na nani?

Basi nafikiri riwaya ni hiyo. Jasusi awe pembeni. Katikati awe kijana anayebeba begi, asiye na faili popote, ambaye hata hajui kwamba anastahili kuwa nayo. Sura ya kwanza nimeianza jana. Kuna mtu inabidi avushwe kwenda Uganda, kwa hiyo lori la shehena linasimama usiku karibu na mizani ya Webuye, dereva anafungua kontena, mtu anaingia katikati ya magunia. Nimeridhika nayo sana.

Taniboi_wa_Zamani, Malaba

Mzee wangu, mimi si mtu wa vitabu, nimeletewa huu mjadala na binti yangu. Nilianza 1988 kama taniboi, yaani utingo wa lori, sasa ni dereva, Mombasa–Kampala. Naomba kusema hiyo sura ya kwanza haiendi.

Kama ni miaka hii, umekwisha kabla ya kuanza. Shehena ya kwenda nje inafungwa sili ya elektroniki Mombasa. Ukiigusa tu, watu wa ushuru wa KRA walioketi Nairobi wanaona kwenye skrini kabla wewe hujashuka kwenye kabini, na gari la kukufuata linatoka. Ukisimama mahali si pako muda mrefu, wanauliza. Mtu wako atakamatwa ukurasa wa pili.

Kama ni miaka ya 1990, hapo unaweza. Sili ilikuwa waya na kipande cha madini ya risasi kinachobanwa na koleo. Lakini karibu na mizani? Mizani ndipo kuna taa, kuna polisi, kuna wauza mayai mia wenye macho. Dereva mwenye akili anasimama pale wanaposimama wote, mahali pa chai, ili asiwe yeye peke yake. Giza linamfichua mtu, watu wengi ndio wanamficha.

Tena magunia ya nini? Kontena likishapigwa jua kutwa nzima, ndani ni tanuri. Atakufa. Mtu asiye na faili havuki kwa lori hata kidogo. Anavuka kwa miguu saa tano asubuhi, siku ya soko, pamoja na akina mama wa ndizi, ana mwavuli, anamsalimia polisi. Polisi anamwitikia.

VitabuVyaBarabarani, Nakuru

Soja wangu angekununulia chai, Taniboi. Mzee, umesikia? Huyu ndiye karani wako wa pasipoti.

KalamuYaNyalenda, Kisumu

Nimefuta sura nzima. Sijakasirika, nimefurahi, ingawa mkono unauma.

Taniboi, ndugu yangu, mwavuli huo nauchukua. Naweza kukuuliza zaidi? Siku zile za 1990, makaratasi ya mpakani yalipigwa mihuri mingapi, na nani alikuwa nayo? Yule mwenye koleo la sili alikaa chumba gani? Madereva waliitana majina gani, na ni nani alikuwa anachukua habari zenu kuzipeleka kwa wakubwa? Usinipe jina la mtu. Nipe tu alivyokuwa anavaa, na mlimjuaje.

Taniboi_wa_Zamani, Malaba

Eh, mzee. Malori mangapi, nani ana koleo, nani anapeleka habari. Kabla sijakujibu hata moja: umetumwa na nani?

Natania. Niko Salgaa, napumzisha gari. Yule mtu tulimjua kwa viatu. Sisi sote tulikuwa na vumbi mpaka magotini, yeye viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi kila siku, hata mvua ikinyesha, na alikuwa anasema anauza mahindi ya kuchoma. Mihuri ilikuwa
 mingi, ngoja nikumbuke vizuri nisije nikakudanganya. Kesho jioni nikifika Malaba nitamuuliza wakala wetu wa zamani wa makaratasi ya forodha, bado yuko, anafuga kuku.